Watu Wasiokunywa Maji

Merikebu ya kubebea ndovu iliingia ghubani ikiwa imevunjika usukani, saa ile ile watu wa Kuta walipokuwa wanashuka kutoka kisimani, matumbo yamejaa maji na makoo yamechoka kwa kuimba. Hiyet aliiona kabla ya wenzake na akaijua hapo hapo. Merikebu za namna ile, pana, zenye tumbo kubwa la kuwekea wanyama, alizipakua miaka mitatu kule Bandari ya Ndovu. Alikwenda huko kumfuata mume. Alirudi peke yake, mume amebaki mchangani, na alichorudi nacho kilikuwa Kigiriki.

Ndiyo maana shangazi yake Munne, mwangalizi wa kisima, alimsukuma mgongoni akamwambia aende akawaulize wale watu wanataka nini na wanaondoka lini.

Walitaka mahali patulivu na siku nne za kuchonga usukani mpya. Mbao walikuwa nazo, na maji ya kunywa walikuwa nayo kwenye mitungi. Nahodha wao, Dorkoni, alikuwa mtu wa kicheko kirefu na subira fupi, na kutwa nzima alikuwa anamkaripia fundi wake. Hakuwa na haja na watu wa pwani ile ilimradi wasiguse kamba zake.

Lakini ndani alikuwamo mtu mmoja ambaye hakuwa baharia. Aliitwa Filamoni, mwenyeji wa Kirene, mwembamba, pua imembabuka kwa jua mpaka ngozi inamtoka vipande. Watu wa mfalme huko Aleksandria walimtuma apite pwani yote aandike nani anakaa wapi, anakula nini, na maji yako wapi, ili wawindaji wa ndovu watakaokuja nyuma yake wajue pa kutia nanga na pa kunyweshea wanyama. Alikaa chini mchangani bila kutandikiwa kitu, akala alichopewa, na akiuliza swali alingoja jibu liishe ndipo aulize jingine. Hiyet alikuwa amekaa na Wagiriki miaka mitatu na wa namna hiyo hakuwa amemwona.

Siku ya kwanza aliuliza jina la kabila. Hiyet akamwambia wao ni watu wa Kuta, kwa ajili ya kuta za mawe walizojengewa na mababu ndani ya maji. Bahari ikijaa inazifunika, ikipwa inawaachia samaki ndani kama waliowekwa bakulini. Filamoni aliandika kidogo kisha akasema jina hilo ni zuri ila yeye ataandika *Ikthiofagoi*, yaani Wala-samaki. Wenzake waliomtangulia walishaandika hivyo kwa watu wa kaskazini zaidi, na wasomaji wa kwao wanapenda jina linaloshika kichwani.

Munne alikuwa anaparua samaki pembeni. Akauliza huyo anasema nini, akatafsiriwa.

"Na wale wa milimani anawaitaje?"

Hiyet akauliza. Filamoni akajibu kwamba wale ni Wala-ndovu. Kuna Wala-mizizi, na Wala-mbuni, na Wala-kobe visiwani. Na wote kwa jumla, kuanzia Misri kwenda chini, kwao huitwa watu wa nyuso zilizoungua.

Munne alimtazama Mgiriki yule usoni kwa muda, hasa pale puani.

"Muulize," akasema, "ni nani hapa aliyeungua."

Wanawake wakacheka mpaka kisu kikamponyoka mmoja wao. Hiyet alitafsiri kwa kusitasita, lakini Filamoni alijishika pua, akacheka na yeye, na kipande kingine cha ngozi kikadondoka. Munne akasema basi na wao sharti wawape jina wale wa merikebuni, na kwa ile harufu inayotoka mle ndani jina ni moja tu: Wala-vitunguu. Tangu hapo pwani nzima iliwaita hivyo.

Siku ya tatu Filamoni aliomba kuona nchi ya ndani kidogo. Hiyet akamchukua. Walitembea sehemu ya asubuhi mpaka kwenye miguu ya milima, na huko, kwa kuwa mgeni aliuliza na kwa kuwa kwao kumficha msafiri kisima ni jambo la aibu, akamwonyesha. Kisima kilikuwa kimefunikwa jiwe bapa, kimezungushiwa ukuta mdogo. Filamoni aliinama, akatupa kokoto kwenye upenyo, akasikiliza. Akauliza nani anayekitumia. Hiyet akajibu kwamba ni cha mama zao. Akauliza mbona hakuna mtu anayechota. Hiyet akasema leo hakuna anayechota. Mambo yote mawili yalikuwa kweli. Filamoni alipima kwa hatua, akaandika, wakarudi.

Siku ya nne asubuhi usukani ulikuwa umekwisha kufungwa na nahodha alikuwa anangoja bahari ijae. Filamoni alimwita Hiyet akae naye kwenye kivuli cha nyumba ya Munne, nyumba ya mbavu za nyangumi iliyofunikwa majani ya bahari, amsomee aliyoyaandika ili amsahihishe palipokosewa.

Mwanzoni Hiyet alisikiliza kwa raha. Kuta zilikuwamo. Samaki wanaochomwa juu ya mawe ya jua walikuwamo. Hata watoto kulala kwenye mifupa ya nyangumi kulikuwamo. Kisha Filamoni akasoma, kwa sauti ya mtu anayeona fahari, kwamba jambo la ajabu kuliko yote ni kuwa watu hawa hawanywi maji. Yeye mwenyewe amekaa nao siku nne tangu alfajiri mpaka jioni na hakumwona mkubwa wala mdogo akitia maji mdomoni. Inaonekana unyevu wa samaki wabichi unawatosha. Baada ya hapo akasoma: mwendo wa asubuhi moja kutoka ghubani kipo kisima kirefu cha maji matamu, kinaweza kutosha ndovu arobaini na askari wao, na kukichukua hakutamsumbua mtu yeyote, kwa kuwa wenyeji hawana haja nacho.



Hiyet alielewa kosa lilikotoka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Watu wa Kuta huenda kisimani kila siku ya tano, wote, wakiimba, na hulala kifudifudi na kunywa mpaka tumbo likatae. Siku nne za katikati huishi kwa maji kidogo wanayorudi nayo ndani ya maganda ya mayai ya mbuni, wakayafukia mchangani ndani ya nyumba. Na maji hayo hayanywewi mbele ya mgeni. Kunywa mtu akikutazama bila kumpa yeye kwanza ni matusi, na kumpa si jambo la mchezo, kwa sababu anayepewa maji na mwangalizi mkono kwa mkono anakuwa mtu wa kisima mpaka kufa kwake. Basi kwa siku nne, kila aliyebanwa na kiu alinyanyuka kwa adabu akaingia nyuma ya pazia la ngozi. Mgeni naye, kwa adabu yake, hakuchungulia. Alikuwa na mtungi wake mwenyewe, hakuomba.

Na kisima alikionyesha nani? Ni yeye Hiyet.

Alimwomba Filamoni amsubiri, akaingia nyuma ya pazia alikokuwa shangazi yake, akamweleza yote, na la kuonyesha kisima hakulificha.

Munne hakupaza sauti. Alimwambia Hiyet kwamba msafiri ni yule anayekuja kwa miguu, midomo imempasuka. Huyu alikuja na mitungi, na aliyekuja na mitungi huwezi kumwita msafiri. Hiyet akakubali. Akasema sasa njia iliyobaki ni moja, huyu mtu apewe maji. Akinywa atajua kwamba wanakunywa, na tena atafungwa, maana mtu wa kisima haruhusiwi kumpeleka pale mtu mwingine wala mnyama bila idhini ya mwangalizi.

"Atafungwa na nini?" Munne akauliza. "Sheria yetu ameijulia wapi mla-vitunguu? Nimpe haki ya kisima, kesho aje na ndovu wake aniambie hawa ni shemeji zangu?"

"Nitamwambia sheria kabla hajanywa. Akikataa, asinywe."

"Na akidanganya?"

Hiyet alikuwa amemtazama yule mtu siku nne, alivyokaa, alivyongoja. Hakuwa na kingine cha kumpa shangazi yake.

"Nimemwangalia, shangazi," akasema. "Ndicho nilicho nacho."

Munne alifukua mchanga taratibu. Lilikuwa limebaki ganda moja, na ndani yake nusu tu, maji ya watu wawili mpaka kesho. Akalipangusa kwa kiganja, akasema mlete.

Filamoni aliingia akiwa ameinama, akakaa. Hiyet alimweleza, polepole, kwa Kigiriki cha bandarini kisicho na mapambo. Alipofika kwenye ndovu na askari, uso wa Filamoni ulibadilika. Alitazama lile ganda, akatazama pazia, na ikaonekana jinsi siku zake nne zilivyokuwa zinampitia tena kichwani moja moja.

Akauliza, kama mtu anayeuliza jambo la kweli, adhabu yake ni nini akivunja sheria hiyo.

"Wewe hakuna kitakachokupata," Hiyet akamjibu. "Sisi ndio tutakufa."

Filamoni akanyoosha mikono yote miwili. Munne akamwekea ganda viganjani, akalishikilia naye mpaka Mgiriki yule alipokunywa. Akalichukua, akanywa yeye, akampa Hiyet, naye akanywa fundo moja tu. Kila mmoja akagusa mdomo wake kwa vidole viwili, kama inavyopasa. Filamoni aliwatazama, na yeye akagusa.

Akasema atarekebisha. Ataandika kwamba watu hawa wanakunywa kama watu wote, kwamba kisima ni chao na uhai wao uko hapo, na kwamba si haki kukigusa. Tayari alikuwa ameshika kalamu ya tete.

Hiyet akamshika mkono.

Kule Bandari ya Ndovu palikuwa na kisima cha watu wa mbuzi. Wagiriki walipofika waliandika vizuri kabisa, ubao ukapigiliwa hapo na muhuri wa mfalme, unasema kisima ni cha wenyeji. Hiyet hakujua kusoma lakini ubao aliuona kila siku, maana askari walikuwa wanatundika viatu vyao juu yake. Mwaka wa kwanza walichota kwa zamu. Mwaka wa pili ndovu walifika. Mwaka wa tatu wanawake wa watu wa mbuzi walikuwa wanakuja penye ujenzi kuomba maji yaliyobaki kwenye ndoo za kukorogea chokaa. Yote haya alimwambia Filamoni.

"Usiandike kwamba tunakihitaji," akasema. "Watakaosoma watajua kipo. Kifute. Sisi tuache hivyo ulivyotuandika."

Filamoni akatikisa kichwa. Hilo lilimshinda kuliko kunywa. Alieleza kwa shida kwamba karatasi hiyo itanakiliwa, na nakala zitanakiliwa, itakaa kwenye nyumba kubwa ya vitabu miaka ambayo hakuna anayeweza kuihesabu. Watu wenye elimu watasoma kwamba kwenye ghuba hii wapo watu wasiokunywa maji, watawaona kuwa karibu zaidi na samaki kuliko na binadamu, watacheka. Na yeye anajua si kweli. Hajawahi kuandika kitu anachojua si kweli.

Munne akauliza mbona sasa huyu anataka kulia. Hiyet akamtafsiria.

"Hao watakaocheka," akasema Munne, "wanakuja lini?"

"Hawaji, shangazi. Wanasoma tu, huko huko kwao."

"Basi."

Hiyet alipomfikishia neno hilo, Filamoni alikaa amelishika paji la uso. Nje fundi alikuwa anagonga nyundo ya mwisho. Baadaye Filamoni akafungua mfuko wake, akatoa kipande cha sifongo, akakigeuza geuza. Wino wao ni wa masizi, hufutika kwa maji, na mtungi wake ulikuwa umekwisha kurudishwa merikebuni. Alikuwa anataka kutema mate. Munne akamzuia, akachovya kidole ndani ya ganda, akamdondoshea matone matatu juu ya sifongo.

Filamoni akapitisha pale palipoandikwa kisima. Herufi zikavimba, zikawa ukungu, zikatoka. Palibaki doa la kijivu kama kivuli cha kidole. Juu yake akaandika maneno machache, akamsomea Hiyet: mawe matupu.

Mchana bahari ikajaa. Watu wa Kuta walisimama ufukweni kama adabu inavyotaka mgeni anapoondoka. Hapo ndipo Dorkoni aliposhuka na mtungi begani na kikombe mkononi, mabaharia nyuma yake wanasukumana. Filamoni alikuwa amewasimulia juzi wakati wa chakula, kabla hajajua ukweli, kuhusu watu wasiokunywa, na nahodha na fundi walikuwa wamewekeana dau la divai ya siku kumi. Fundi alisema hakuna mtu wa hivyo duniani. Nahodha alisema wapo, vijana wanaosoma sana huona mengi.

"Ehe, bwana vitabu," Dorkoni akasema, "kabla sijasahau. Maji yapo hapa? Jana ulikwenda milimani."

Hiyet alisikia kila neno. Filamoni hakumtazama.

"Hakuna," akajibu. "Nilikuta mawe."

"Na hawa kweli hawanywi?"

"Ndivyo nilivyoandika."

Nahodha akajaza kikombe mpaka ukingoni. Mtungi ulikuwa umekaa kwenye kivuli cha merikebu na kwa nje ulitoa jasho. Alimpelekea kwanza Munne, ambaye alikitazama kikombe kama anavyotazama jani, akageukia bahari. Akahamia kwa Hiyet. Akakipitisha chini ya pua yake, taratibu, huku na huku, na mabaharia wakasogea karibu.

Ilikuwa siku ya nne. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa fundo moja, na kutafsiri kulikuwa kumemkausha ulimi. Harufu ya maji baridi aliisikia mpaka nyuma ya masikio. Maisha yake yote alikuwa amefunzwa kutokunywa mbele ya mgeni, na sasa aliona kwamba mafunzo ni kitu kimoja, na koo ni kingine. Koo lilitaka kumeza lenyewe. Akimeza tu, nahodha ataona. Na nahodha akiona atauliza, kama wanakunywa, wanakunywa wapi.

Akakipokea kikombe.

Filamoni alifumba macho.

Hiyet akainamisha kikombe juu ya mkono wa kushoto, akamwaga maji yakatiririka, akaanza kusugua magamba ya samaki yaliyomganda vidoleni tangu asubuhi. Alisugua kidole kwa kidole, hana haraka, akabadilisha mkono, akamalizia na kucha. Maji yakanyonywa na mchanga pale pale. Akamrudishia nahodha kikombe kitupu na kwa Kigiriki akamshukuru kwa wema wake, maana magamba yanawasha.

Dorkoni aliangua kile kicheko chake kirefu, akampiga fundi mgongoni na kumwambia divai ya siku kumi imekwenda. Fundi alilaani samaki, watu na vitabu. Wakapanda, wakasukuma, merikebu ikageuka. Filamoni alisimama nyuma karibu na usukani mpya. Hakupunga mkono. Aligusa mdomo wake kwa vidole viwili, akabaki ameviweka hapo mpaka uso wake haukuonekana tena.

Siku ya tano jua halijatoka, watu wa Kuta walikuwa njiani wanaimba. Hiyet hakuweza kuimba, ulimi ulimshika kwenye kaakaa, akawa anapiga makofi tu. Walipofika wanaume wanne walilisogeza jiwe, na Munne akachota kwanza, kama kawaida ya mwangalizi. Kabla mtu hajanywa humwagwa fundo moja ukingoni kwa kila mtu wa kisima aliye mbali, awe hai au amekufa. Munne alimwaga la mume wa Hiyet, aliyelala kule bandarini. Alimwaga la binti yake aliyeolewa visiwani. Kisha akachota tena, akasita, akamgeukia Hiyet.

"Lile jina lake lilikuwa nani?"

"Filamoni."

Munne alijaribu kulitamka mara mbili, likamshinda. Akamwaga hivyo hivyo, fundo kamili, akanung'unika kwamba mla-vitunguu ana mdomo mkubwa, asipewe kidogo. Hiyet alijilaza kifudifudi kwenye jiwe lenye ubaridi, akangoja zamu yake.